SOMO: Kuchagua TV bapa ya bei nafuu badala ya chogo (TV ya zamani yenye mgongo mkubwa nyuma)

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia dabi ya Simba na Yanga napata ujumbe ule ule: "Fundi, chogo langu limekufa, nichukue TV gani?" Nimejibu mmoja mmoja miaka na miaka. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi ni fundi wa TV. Nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa bado mpya hazikutoka kiwandani na ubovu. Zimeharibika kwa namna zilivyochaguliwa, zilivyobebwa au zilivyounganishwa, na mwenye nazo alijinyima kuzinunua. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu. Bei siandiki, kwa sababu bei ya Kariakoo ya leo si ya wiki ijayo, na ya Mwanza au Mbeya ni nyingine kabisa.

HATUA YA 1: Pima umbali kutoka unapokaa hadi TV itakapokuwa.

Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, macho yako yapo kama mita mbili kutoka ukutani, na hapo inchi 32 inatosha. Ukikaa mita mbili na nusu hadi tatu, fikiria inchi 43. Usinunue inchi 24 kwa kudhani ni kubwa kuliko chogo la inchi 21. Inchi hupimwa kona hadi kona, na chogo lilikaribia mraba wakati TV bapa imelala upana. Kimo cha kioo cha chogo la 21 ni kama sentimita 32, cha TV bapa ya 24 ni sentimita 30. Umelipa pesa na picha imepungua kimo! Inchi 32 ina kimo cha sentimita 40, na hapo ndipo familia itaona kweli mmebadilisha TV.

HATUA YA 2: Jua nukta za kioo (vidoa vidogo vinavyowaka kuunda picha), achana na stika.

HD za inchi 32 nyingi zina nukta 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160. Kwa inchi 32, ukiwa umekaa mita mbili, ni vigumu macho kutofautisha HD na Full HD, kwa hiyo usiongeze pesa hapo. Kwa inchi 43 chukua Full HD au zaidi. Ukiona stika ya 4K kwenye inchi 32 ya bei rahisi, maana yake mara nyingi ni kwamba TV inaweza kupokea faili la 4K, lakini kioo ni kile kile cha 1366. Omba kitabu kilicho ndani ya boksi, fungua ukurasa wa vipimo, soma mwenyewe.

HATUA YA 3: Soma lebo ya nyuma, hasa kama ni mtumba.

Tafuta maandishi haya: 100-240V, 50/60Hz. Ukikuta 120V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. 100V peke yake ni ya Japani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V, pawa saplai inaungua papo hapo. Na hata ukiipatia transfoma, kipokezi chake cha antena hakifai huku: mfumo wa kurusha matangazo wa Marekani ni ATSC, Japani ISDB-T, sisi DVB-T2. Utabaki kuitumia na king'amuzi tu. Za Uingereza umeme wake hauna shida, ila za zamani zina DVB-T isiyo na 2 mwishoni, nayo haitoshi.

HATUA YA 4: Hesabu matundu. HDMI mbili (tundu la waya mmoja unaoleta picha ya HD na sauti), USB moja ya flashi, AV moja (matundu ya waya wa rangi tatu) kama bado una deki ya DVD.

HATUA YA 5: Iwashwe dukani mbele yako, robo saa, kwenye picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, ukiona nukta iliyokufa au doa la giza, ikatae. Risiti iandikwe namba ndefu iliyo kwenye lebo.

HATUA YA 6: KUBEBA. Someni hapa taratibu.

Kioo cha TV bapa ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja na kimiminika katikati. Kikisimama wima kinabeba uzito wake kwa ukingo na hakisumbuki. Ukikilaza, kinabonyea katikati, na kila tuta la barabarani linakipiga pale pale kilipo dhaifu. Kwa hiyo TV hailazwi kwenye buti la basi, wala kwenye kiti cha nyuma cha gari, hata kwa safari ya dakika tano. Haiwekewi mzigo juu. Haipakatwi kwenye bodaboda, kwa sababu abiria huikumbatia na mikono yake inabonyeza kioo kupitia boksi, na kwenye shimo la kwanza anaibana zaidi. Chukua bajaji au kirikuu, isimamishe wima, kioo kikielekea upande laini kama mgongo wa kiti, na mtu aishike. Kama inakwenda mkoani kwa basi, ongea na konda kabla ya kulipa nauli ya mzigo. Akisema lazima ilale, tafuta basi lingine. Usitupe vifungashio vyeupe vya ndani ya boksi ili kupunguza ukubwa, ndivyo vinavyozuia kioo kisiguse kitu. Unapoitoa muwe wawili, mshike fremu ya chini na pembeni, mikono isiguse kioo. Nasisitiza haya yote kwa sababu waranti haigusi kioo kilichopasuka, na kioo kipya mara nyingi kinakaribia bei ya TV nzima. Hakizibwi, hakichomelewi. Watu wanakuja kwangu na picha yenye mistari ya rangi na wino mweusi uliosambaa, nami sina la kuwafanyia.

HATUA YA 7: Unganisha king'amuzi kwa HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, upande wa picha, uchague 1080i au 720p, ambazo ni picha za HD, na umbo la 16:9, yaani pana kama TV bapa. Waya wa njano, mwekundu na mweupe haupitishi HD, hata TV iwe ya milioni tano.

HATUA YA 8: TV gadi, kile kifaa cha kuikinga TV umeme ukipanda au kushuka. Nunua siku hiyo hiyo.

MASWALI

Chuga Boy: Nina laki tatu, nichukue TV gani?

Jibu: Unakaa umbali gani? Hatua ya 1.

Chuga Boy: Mkuu we taja jina tu la TV.

Jibu: Jina halipimi chumba chako. Pima, urudi na namba, nitakusaidia.

Mama Wawili: Fundi, asante kwa somo. Nina watoto watundu, wanarusha kila kitu. Muuzaji ananishauri ile ya vioo viwili. Ni kweli inasaidia?

Jibu: Inasaidia, dada. Mbele ya kioo cha picha wanaongeza kioo kigumu, kwa hiyo toi likirushwa linakutana na hicho kwanza. Ila kina mambo mawili. Kwanza kinang'aa: kama dirisha linatazamana na TV, mchana utajiona mwenyewe badala ya tamthilia, kwa hiyo ipange ukuta wa pembeni ya dirisha. Pili, TV inakuwa nzito, na kioo hicho hakiikingi ikianguka yote.  Mtoto akiivuta TV bapa kutoka kwenye kabati inamwangukia. Kwa nyumba yenye watoto ningeifunga ukutani kwanza, halafu ndipo nifikirie vioo viwili.

Mzee wa Kazi: TV mpya, picha ina ukungu kuliko chogo langu. Nimeibiwa?

Jibu: Umetumia waya gani?

Mzee wa Kazi: Ule wa rangi tatu uliokuwepo.

Jibu: Hatua ya 7.

Nyota ya Pangani: Fundi, nina swali juu ya hilo. Kama king'amuzi ni kile kile na waya ni ule ule, kwa nini kwenye chogo picha ilionekana safi? Chogo si ndiyo teknolojia ya zamani?

Jibu: Swali zuri sana, na ndiyo kiini cha somo lote. Waya wa rangi tatu unaleta picha ya kawaida, ambayo king'amuzi huitoa kwa nukta 720 kwa 576, yaani kama laki nne na elfu kumi na tano. Chogo halina nukta za kudumu kama TV bapa. Lenyewe linachora mistari kwa mwali wa elektroni, mstari baada ya mstari, na kingo za mistari zinachanganyika kidogo, kwa hiyo picha ndogo inalikaa sawasawa. TV yako mpya ina nukta 1366 kwa 768, zaidi ya milioni moja, na lazima zote ziwake. Picha imeleta laki nne tu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya nukta TV inazikisia. Kwenye Full HD ni zaidi ya milioni mbili, kukisia kunaongezeka. Ndiyo maana TV kubwa ya bei ghali ikilishwa picha ya kawaida inaonekana mbaya kuliko ndogo. Anza na kinachoingia kwenye TV: king'amuzi cha HD, waya wa HDMI, na chaneli yenyewe iwe inarusha HD. Chaneli isiyorusha HD haitageuka HD kwa sababu ya waya, ila hata hiyo itakuwa afadhali kidogo.

Nyota ya Pangani: Nimeelewa kabisa. Na nyuso za watu kuonekana zimenenepa kwenye TV bapa?

Jibu: Picha ya umbo la 4:3, lile la chogo, imevutwa ijaze 16:9. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha umbo la picha, weka 4:3. Utapata vipande vyeusi pembeni, na watu watarudi kuwa watu.

Kariakoo Finest: Wewe unatuharibia biashara. Sisi wauzaji wote matapeli?

Jibu: Sijaandika hivyo popote. Nimeandika mteja asome lebo na aone TV ikiwaka. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote hapo, na ninao ninaowapelekea wateja kila mwezi.

Msambweni: Hapa Mombasa wanatuuzia "digital TV", wanasema king'amuzi kipo ndani. Je, naweza kuona chaneli za kulipia bila kununua kisanduku?

Jibu: La, ndugu yangu. Kilichomo ndani ni kipokezi cha DVB-T2. Kitakamata kwa antena zile chaneli zisizofungwa zinazofika eneo lako. Za kulipia zimefungwa kwa kadi ya kampuni, bado utahitaji kisanduku chao. Lakini kwa mtu anayetosheka na habari na tamthilia za bure, hiyo ni akiba kubwa, na picha itakuja bila waya wa king'amuzi kabisa.

Mkulima wa Ifakara: Sisi huku tunatumia sola, betri moja ya N50. Inchi 32 itawezekana?

Jibu: Inawezekana, ila kwa betri hiyo nakushauri inchi 24 ya 12V, na mimi niliyewakataza wengine inchi 24 nasema hivyo kwa sababu ya hesabu. Betri ya 50Ah kwa 12V ina kama wati-saa 600. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300. TV ya wati 30 na king'amuzi cha 15 ni 45 kwa saa, unapata saa sita na kidogo. Ukiweka inchi 32 ya wati 50 kupitia inveta, nayo inveta inakula chake, utaishia saa nne au chini. Jambo moja la hatari: jua likiwa kali betri hupanda zaidi ya volti 14. Soma lebo ya TV kama inavumilia, la sivyo weka kifaa cha kutuliza volti kabla ya TV. Ving'amuzi vingi navyo hutumia adapta ya 12V, angalia adapta yako. Kama ni ya 12V, unaweza kukiunga kwenye betri bila inveta, nacho kikipitia kifaa hicho cha kutuliza volti, chanya na hasi zisipishane.

Mkulima wa Ifakara: Mungu akubariki fundi. Na flashi ya sinema zilizotafsiriwa, TV inasema haioni faili.

Jibu: Flashi ifomatiwe kwa mpangilio wa FAT32, TV nyingi za bei nafuu zinauelewa huo. Mwisho wake faili moja lisizidi GB 4. Picha ikija bila sauti, ni aina ya sauti ndani ya faili, mwambie kijana wa maktaba ya sinema akuwekee MP4 yenye sauti ya AAC.

Dada Mbezi: Kuna mtu aliniambia TV bapa hazidumu, zinakuwa giza sauti inabaki.

Jibu: Hizo ni taa za LED za nyuma ya kioo zimeungua, zinabadilishwa. Kuchelewesha hilo ni rahisi: TV nyingi hutoka kiwandani mwanga ukiwa juu kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha mwanga wa nyuma hadi 50 au 60. Taa zinapata joto kidogo na LUKU nayo inapumua.

Chuga Boy: Mkuu nimepima. Mita mbili na kidogo. King'amuzi kina HDMI.

Jibu: Safi sana. Inchi 32, HD, yenye HDMI mbili na DVB-T2 ndani, bila smati, yaani isiyo ya intaneti. Pesa utakayookoa kwenye smati nunua TV gadi na bajaji ya kuibebea. Ukifika dukani, piga picha lebo ya nyuma unitumie kabla hujalipa.

Chuga Boy: Poa. Chogo nilivunje nimuuzie wa chuma chakavu shaba?

Jibu: Usilivunje! Kioo chake kina risasi, na ndani hakuna hewa, kikipigwa kinaweza kulipuka na kurusha vipande. Pia umeme wa volti elfu ishirini na zaidi unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa. Mpelekee fundi likiwa zima kama lilivyo.