Jinsi ya kuhamisha umiliki wa gari la kale ulilorithi, kabla ya kuligusa kwa spana

Marehemu baba aliacha Peugeot 504 ya mwaka 1978, iliyokuwa imekaa miaka kumi na mmoja chini ya mwembe nyumbani kwetu Voi, na kuku walikuwa wamekwisha kuifanya yao. Mimi nilianza kwa kumwita fundi na nikamkumbuka hakimu baada ya miezi minane. Utaratibu sahihi ni kinyume cha huo, na kosa hilo lilinigharimu injini moja, ugomvi na dada yangu mkubwa, na karibu mwaka mzima wa kusubiri. Maelezo haya yanamhusu aliye Kenya ambaye mzazi wake amefariki bila kuacha wosia, na gari bado limeandikwa kwa jina la marehemu. Familia za Kiislamu zinazopeleka mirathi kwa Kadhi zitafuata njia yao mahakamani, lakini sehemu ya mwisho inayohusu NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, itawafaa pia.

Kabla ya jambo lolote, chukua logibuku (cheti cha usajili wa gari), tochi na kitambaa, ufungue boneti. Linganisha nambari ya chasisi, nambari ya injini, ujazo wa injini, aina ya bodi na rangi na yale yaliyoandikwa, kisha upige picha kila kimoja. Sehemu yenye nambari ya chasisi isipigwe msasa wala kukatwa, hata kama fundi wa bodi anaapa kwamba ni kutu tupu. Kwake hilo ni bati bovu, lakini kwako ndilo jina la gari. Kama logibuku imepotea, nenda ukachukue abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha kwamba umeripoti upotevu, mapema, ingawa ombi la nakala nyingine litapelekwa baadaye na msimamizi wa mirathi, kwa kuwa mwenye gari hayupo tena kuomba mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoteleza. Fundi wangu alisema injini ya awali, ya sentimita za ujazo 1796, imekwama na haitafaa tena, akanipatia nyingine ya 1971 iliyotoka kwenye 504 iliyochinjwa kwa ajili ya vipuri. Injini hizo mbili ni za ukoo mmoja na huingia mahali pamoja bila shida kubwa, kwa hiyo nilikubali, nikaiuza ile ya zamani kama chuma chakavu, na fedha zikaishia kwenye kabureta na gasketi. Sikujua kwamba kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinamkataza mtu yeyote asiye na mamlaka ya kisheria kuuza au kujitwalia mali ya marehemu, na kwamba adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Injini ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mirathi. Dada aliniuliza mbele ya mama, kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, ni nani aliyenipa ruhusa ya kuuza kitu cha baba, na kwa siku kadhaa akakataa kutia saini karatasi yoyote niliyompelekea. Kulifunika gari turubai, kuliondoa kwenye mvua na kuwafukuza kuku ni kulihifadhi, na hakuna atakayekulaumu. Kufungua injini, kuuza na kubadilisha vifaa ni mambo ya kusubiri hati ya usimamizi kutoka mahakamani.

Hati huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja wote walioachwa na marehemu. Chifu wetu hupatikana kwa urahisi zaidi matangani kuliko ofisini, kwa hiyo panga safari yako ipasavyo. Hakikisha kwamba jina kwenye cheti cha kifo, kitambulisho na logibuku ni lile lile. Logibuku ya baba ilikuwa na herufi za mwanzo tu za majina mawili, na ilibidi tuape mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Fomu za mirathi za mahakama huanza na herufi za Probate and Administration. Ombi lenyewe ni fomu P&A 80, likiambatana na hati ya kiapo ya fomu P&A 5 inayoorodhesha warithi, mali na madeni. Wenye haki sawa na yako, au wanaokutangulia kwa haki, hutia saini ridhaa kwenye fomu P&A 38, na dhamana huwekwa kwenye fomu P&A 57. Fomu hizi hazina ugumu. Ugumu ni kuwapata ndugu wote wakiwa na kalamu na bila kinyongo. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Lisome tangazo hilo mwenyewe, neno kwa neno, siku linapotoka.

Baada ya kupewa hati ya usimamizi, wengi hukimbilia NTSA wakidhani kazi imekwisha. Hati hiyo inakupa mamlaka ya kukusanya na kulinda mali, lakini mali haigawanywi mpaka hati yenyewe ithibitishwe na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi sita baada ya hati kutolewa, kwa fomu P&A 108. Katika ombi hilo, andika nambari ya usajili ya gari na jina la atakayelichukua. Karani wa masijala moja, ambayo sitaitaja, aligonga herufi moja isiyo yake katika nambari ya gari letu, nami nikapokea cheti kwa furaha bila kukisoma. Kifungu cha 74 kinaruhusu mahakama kurekebisha makosa ya namna hiyo, lakini hilo ni ombi jingine, foleni nyingine na benchi lile lile la mbao lenye msumari uliochomoza, ambalo kufikia wakati huo nilikuwa nalifahamu vizuri mno.

Ukiwa na cheti cha uthibitisho kisicho na kosa, ingia kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yako, ukiwa na cheti cha kifo, logibuku, kitambulisho na PIN ya KRA (nambari yako ya kodi). Ada ya uhamisho hutegemea ujazo wa injini ulioandikwa. Kama hujabadilisha kitu, sehemu hii ni fupi na haina la kusimulia. Aliyebadilisha injini kama mimi atalazimika pia kuomba mabadiliko ya maelezo ya gari, kulipeleka gari kukaguliwa, na kuonyesha injini mpya ilitoka wapi. Stakabadhi yangu ilikuwa kipande cha karatasi chenye alama za grisi na neno «injini», basi; nilirudi kwa aliyeniuzia mara tatu kabla hajakubali kuandika nambari ya injini, jina lake na tarehe. Dai maandishi hayo siku unapotoa fedha, kwa sababu baada ya hapo kumbukumbu ya muuzaji hudhoofika.

Bima ishughulikie baada ya jina kubadilika, na uombe gari lithaminiwe kwanza, maana gari la umri huu likikadiriwa kwa macho huandikiwa thamani ya chuma chake. Fundi wa rangi awe wa mwisho. Ukichagua rangi isiyoandikwa kwenye logibuku, utarudi tena kwenye ombi la mabadiliko ya maelezo. Mimi nimeiacha nyeupe.