Redio ya boti inavuma? Anza na waya hasi

Mvumo unaopanda na kushuka kufuata mwendo wa injini hutokana na altaneta, kifaa cha injini kinachochaji betri. Zima injini, redio ibaki kwenye betri. (Usichomoe betri injini ikiwaka, utaunguza dayodi za altaneta.) Kelele ikibaki, zima kimoja kimoja: taa za LED, pampu, kidhibiti chaji cha sola.

Sasa washa redio kwa sauti kubwa, upime volti kwa mita kati ya hasi ya redio na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, kagua maungio. Maji ya chumvi ya bahari ya Mikindani, Mtwara, huyaotesha kutu ya kijani. Piga msasa, kaza, paka grisi. Redio ipate waya zake mbili moja kwa moja kutoka betri, fyuzi karibu na chanya ya betri, na waya hizo zipite mbali na waya za injini. Kichujio cha kelele nunua mwisho.