Kabla hujajiunga na uhandisi wa kilimo na mifumo ya kibayolojia

Wengi huomba kozi hii kwa kuvutwa na neno "kilimo", kisha muhula wa kwanza wanapokelewa na kalkulasi, mekanika na michoro ya kihandisi. Trekta hata hawajaligusa. Biolojia na kemia zinasaidia, lakini wanaokwama, wengi wao hukwama kwenye hesabu na fizikia, basi anzia huko.

Jipime kwa swali dogo. Una tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, unataka kuyakausha hadi asilimia 13 ili yahifadhike. Utaondoa maji kiasi gani? Jibu la haraka ni kilo 70, nalo si sahihi. Sehemu kavu ni kilo 800 na haibadiliki. Mwishoni hiyo ndiyo asilimia 87 ya mzigo, kwa hiyo mzigo unabaki kama kilo 920. Maji yaliyotoka yanakaribia kilo 80. Hizo kilo kumi za ziada zinataka nishati ambayo hukuipangia. Tena punje zinapumua: ukizirundika na unyevu zinatoa joto na mvuke, kuvu inaingia, na sumukuvu inaweza kufuata. Anayejenga kwa nondo hana shida hiyo, nondo haipumui.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama shahada inatambuliwa na bodi ya usajili wa wahandisi kule unakotaka kufanya kazi. Usidanganywe na jina la kozi. Soma orodha ya masomo uone umwagiliaji, mitambo na uhifadhi wa mazao vimepewa uzito gani. Omba pia kuiona karakana. Trekta lililofunikwa turubai lenye vumbi limeshakujibu.

Kompyuta usinunue mpaka ujue programu za kuchora na za ramani zitakazotumika.

Viatu vya usalama na ovaroli isiyopwaya, hapo sina mzaha. Shafti ya trekta inayoendesha mashine za shambani kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikinasa mkono wa shati unaoning'inia, hupati muda wa kujinasua. Nywele ndefu zifungwe.

Nafasi za mafunzo kwa vitendo huwahiwa. Andika barua muhula mmoja kabla, na utaje unachotaka kujifunza: pampu, ukaushaji au mashine za kuvunia.