Kutambua na Kubadilisha Chipu ya Poti ya Siriali katika Kompyuta za Zamani

Kompyuta ya DOS (mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri) inapopoteza herufi wakati wa kupokea faili kupitia modemu (kifaa cha kuwasiliana kwa njia ya simu), lakini inatuma bila tatizo, kebo mara nyingi husingiziwa bure. Kabla ya kununua nyingine, chunguza chipu inayoendesha poti ya siriali yenyewe, yaani tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia 8250, na IBM PC/AT ya mwaka 1984 ikaleta 16450. Zote mbili hutunza baiti moja tu iliyopokelewa, kwa hiyo katika kasi ya biti 115,200 kwa sekunde kichakataji kina takribani mikrosekunde 87 za kuichukua kabla inayofuata haijaifuta. Chipu ya 16550A ina foleni (hifadhi ndogo ya kusubiria) ya baiti 16, na hapo ndipo nafuu yote inapotoka.

Ili kuitambua bila kufungua kasha, washa kompyuta katika DOS tupu, pasipo Windows wala programu ya kipanya, kisha endesha DEBUG, programu ndogo ya DOS ambamo O huandika thamani kwenye anwani na I huisoma. Kwa COM1, yaani poti ya siriali ya kwanza, andika O 3FA 1 ili kuwasha foleni, halafu I 3FA, na utazame tarakimu ya kwanza ya jibu. Ikiwa ni C, unayo 16550A au chipu inayofanana nayo kikamilifu. Ikiwa ni 8, unayo 16550 ya awali, ambayo foleni yake ina kasoro na haifai kutumiwa, ingawa jina lake limepungukiwa na herufi moja tu. Ikiwa ni 0, chipu haina foleni: andika O 3FF 55, kisha I 3FF, jibu la 55 huelekeza kwenye 16450, na jibu tofauti huelekeza kwenye 8250. Jibu la FF katika hatua ya kwanza kwa kawaida humaanisha kwamba hakuna poti katika anwani hiyo. Andika O 3FA 0 ili kuzima foleni, kisha Q kutoka. Kwa COM2, tumia 2FA na 2FF.

Chipu yenye pini 40 iliyokaa kwenye soketi hubadilishwa kwa urahisi, kwa sababu 16550A huingia mahali pa 8250 au 16450. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, na uhakikishe kwamba alama ya mkato kwenye chipu mpya inaelekea kule ilikoelekea ya zamani. Ikiwa imechomelewa, ni salama zaidi kuweka kadi ya ISA (inayoingia kwenye nafasi ya upanuzi ya kompyuta za zamani) yenye 16550A na kuzima poti ya zamani kwa jampa (kiunganishi kidogo cha pini), ili mbili zisigombee anwani moja. Angalia pia kwamba modemu haiko COM3 huku kipanya kikiwa COM1, kwani kwa kawaida poti hizo hutumia IRQ 4 (njia ya kumwita kichakataji) kwa pamoja.

Baada ya kubadilisha, usishangae hali ikibaki vilevile: 16550A huamka ikijifanya 16450 mpaka programu iiwashe foleni. Katika Windows 3.1, fungua SYSTEM.INI, sehemu ya [386Enh], na uondoe mstari wa COM1FIFO=0, unaozima foleni, ikiwa upo; mwenye 16550 yenye kasoro, kinyume chake, auongeze mstari huo. Kisha pokea faili kubwa kwa kasi ya 9,600, ipandishe hadi 38,400, na uhesabu makosa katika kila hatua.