Kuanzisha kijiwe cha vita vya mezani Mwanza

Nina duka la steshenari Nyegezi, na kibarazani kwangu ndipo tunapochezea vita vya mezani kila Jumapili, yaani mchezo wa kupambanisha majeshi ya askari wadogo, wa sanamu au wa karatasi, kwa kurusha dadu. Nikiulizwa na mtu wa Musoma au Bukoba aanzeje kwao, jibu langu la kwanza ni hili: beba majeshi mawili. La kwako, na la mtu ambaye bado humjui.

Mchezo mashuhuri wa aina hii ni Warhammer 40,000, wa Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, uliotoka 1987. Sanamu zake ni nzuri mno. Ila jeshi kamili linameza kodi ya chumba ya miezi kadhaa, na ukimwambia kijana aagize kwanza ndipo acheze, humwoni tena. Mgeni afike mikono mitupu, akute jeshi limeshapangwa upande wake, na baada ya dakika 10 awe anarusha dadu.

Kwa sheria tunatumia Grimdark Future, mchezo mwingine wa aina hiyo, wa watungaji wanaoitwa One Page Rules. Sheria za msingi zinapakuliwa bure, na hazijali askari wako umemnunua au umemchora. Kila kikosi kina namba mbili kubwa, ubora na ulinzi. Ubora wa 4+ maana yake dadu ikileta 4, 5 au 6 umelenga. Mwenzako naye anarusha ya ulinzi kujinusuru. Askari anatembea inchi 6, akikimbia 12. Ninachokipenda zaidi ni zamu: mimi naendesha kikosi kimoja, wewe kimoja. Kwenye Warhammer upande mmoja unamaliza jeshi zima ndipo mwingine aanze, na mgeni akikaa muda mrefu bila kazi anatoa simu mfukoni. Kwa kuwa sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, nikaulaminisha, na kila upande wa meza una nakala yake.

Askari wetu wengi ni wa karatasi. Chapa picha ya mbele na ya nyuma kwenye manila, kunja katikati, bandika, kata, acha ndimi mbili chini za kukunjia huku na huku. Kitako ni kizibo cha soda. Upana wake ni kama milimita 32, sawa na vitako vya askari wengi wa dukani, kwa hiyo mtu akija na sanamu zake halisi vipimo havigombani. Ndani ya kizibo gundisha nati au wosha kuukuu. Usiiruke hatua hii, maana upepo wa ziwa wa alasiri unaangusha jeshi zima la karatasi kwa mpulizo mmoja. Inchi pima kwa futi kamba ya fundi cherehani.

Meza ni plaiwudi. Ubao wa futi 4 kwa 8 ukiukata vipande vya inchi 30 kwa 44 unatoa meza tatu, na kipimo hicho ndicho Warhammer inachotumia kwa mechi zake ndogo. Milima na vichaka vya kujifichia tunatengeneza kwa yale maboksi meupe mepesi yanayopakiwa minofu ya sangara. Yaoshe kwa sabuni, yaanike juani mpaka harufu iishe, yamege kwa mkono uone mipasuko inavyofanana na miamba yetu. Changanya rangi ya maji ya ukutani, mchanga uliochekechwa na gundi nyeupe ya mbao, paka. Rangi ya spreyi usiiguse hapo, inayeyusha boksi lote. Ukiyapanga moja juu ya jingine, mtoto wa Mwanza anajua yuko wapi bila kuambiwa.

Siku chagua moja na usiihamishe, hata akija mtu mmoja. Sisi ni Jumapili saa 9 alasiri: Wasabato, ambao kanda hii ni wengi, wana ibada Jumamosi, wengine wametoka kanisani asubuhi, na mwanga unatosha hadi saa 12 jioni hata umeme ukikatika. Kundi la WhatsApp ni la kukumbushana tu, picha moja ya meza siku ya Ijumaa.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujaanza. Vijana wamezunguka meza, dadu zinalia: mpita njia ataona kamari, na atakuwa na haki ya kuuliza. Mwoneshe askari na sheria, mwalike. Pesa isiwekwe mezani kamwe, hata ya soda. Na hadithi za vita zenu ziwe za kubuni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vina watu wake hapa mitaani, wengine walizika ndugu. Heshima hiyo haihitaji mjadala.

Wachezaji wazuri utawapata kwenye vijiwe vya drafti. Wanajua kukaa, kufikiri, na kushindwa bila kugeuza meza. Babu mmoja alisimama kwetu muda mrefu, akanyoosha kidole.

"Mwanangu, huyu askari wako anakula nyuma?"

"Anakula pande zote babu, ila apige dadu kwanza."

Akavuta kiti. Mechi ya kwanza ya mtu kama huyu iwe vikosi vitatu kwa vitatu, na mwenyeji amwoneshe nafasi zake badala ya kumfyeka. Ubishi wa sheria ukizuka, rusheni dadu moja, 4 kwenda juu anapata aliyedai, mchezo uendelee, kitabu mtafungua baadaye.

Siku hizi wanatujia vijana wa Sengerema kupitia Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kungoja pantoni. Wakifika wanne wa sehemu moja, usiwang'ang'anie. Wape meza moja, majeshi mawili na ile karatasi ya sheria, wachague siku yao huko kwao. Siku wanapofungua, nendeni wachache mkacheze, ili mgeni wao wa kwanza akute meza ina watu.