Shafti ya trekta wakati wa kupukuchua mahindi

Msimu wa kupukuchua mahindi, ambao kwa wakulima wengi wa Tabora hushika kasi mwezi Juni yakishakauka vizuri, ndio wakati trekta inapofanya kazi ikiwa imesimama, na kwa kuwa haitembei watu huiona haina madhara. Mkulima mmoja wa Urambo, niliyemtembelea mkono wake wa kulia ukiwa bado umefungwa hogo, aliniambia kwamba miaka yote alichokiogopa ni kupinduka na trekta kwenye matuta, wala hakuwahi kuifikiria shafti inayoiunganisha na mashine ya kupukuchulia.

Kwa kawaida shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikiwa kipenyo chake ni sentimita 7 na nusu hivi, huvuta mita 2 za nguo kwa sekunde moja, kwa hiyo aliyenaswa hana muda wa kujinasua. Kinga ya plastiki iliyokuja na shafti ya mkulima huyu ilivuliwa misimu miwili nyuma ili fundi apake grisi, ikaachwa stoo. Kosa hilo nalikuta mara kwa mara, hasa kwenye mashine za kukodi. Asubuhi ya ajali, iliyokuwa ya baridi, mkulima huyo alivuka juu ya shafti akifuata gunia, koti likiwa halijafungwa vifungo, likanaswa.

Kilichomwokoa ni kijana wake, ambaye badala ya kumkimbilia baba na kumvuta, jambo ambalo lingeweza kuwanasa wote wawili, aliufikia mkono wa kuzimia injini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuwasha, kila aliyepo kazini aoneshwe namna ya kuzima, awe anajua kuendesha au hajui, na mtu mmoja abaki karibu na mkono huo bila kupewa kazi nyingine. Wenye mashine hulalamika kuwa huyo ni kibarua anayelipwa bure, ila lalamiko hilo sijalisikia kwa mtu aliyewahi kunaswa.

Injini ikishazimwa, subirini shafti isimame kabisa, kwa sababu ngoma ya mashine ni nzito na huendelea kuzunguka kwa muda, kisha kateni nguo kwa kisu badala ya kuizungusha shafti kinyume. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na majivu, mafuta ya taa au kahawa visiguse jeraha hata kidogo. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya baridi au barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Hospitalini ulizeni pia kuhusu sindano ya pepopunda, kwani jeraha lililoingia udongo ni hatari hata likiwa dogo.

Kinga ikivuliwa ili shafti ipakwe grisi, irudishwe siku hiyohiyo. Kama imepotea, fundi wa kuchomelea anaweza kuunda bati nene la kufunika shafti kutoka juu na pembeni, likakazwa kwa boliti kwenye mashine. Halilingani na kinga kamili, lakini humzuia mtu kuigusa kwa bahati mbaya wakati mnatafuta kinga nyingine. Mahindi yakikwama zima injini, weka ufunguo mfukoni, ndipo utie mkono. Akina mama wanaopepeta, ambao mara nyingi hukaa upande wa shafti kukwepa pumba, wahamishwe na khanga zao, pamoja na watoto wanaookota punje, na anayetaka kwenda upande wa pili azungukie mbele ya trekta.

Mkulima yule amerudi kazini, ingawa vidole viwili havikunji. Kwenye mkono wa kuzimia injini amefunga kitambaa chekundu, na kibarua mpya hagusi gunia kabla hajauvuta mwenyewe mara moja, trekta ikiwa inanguruma.