Namna ya Kumweleza Daktari wa Ngozi Mzigo Ulioko Moyoni

Mtu anayeishi na soriasisi (ugonjwa unaoleta magamba kwenye ngozi), pumu ya ngozi au mabaka meupe ya vitiligo hukaguliwa ngozi kila aendapo kliniki, lakini ni nadra kuulizwa kama analala au kwa nini siku hizi anawakwepa watu. Ukubwa wa baka si kipimo cha uchungu wake, kwa maana doa dogo usoni laweza kumwelemea mtu kuliko magamba yaliyotanda mgongo mzima. Kwa hiyo usingoje kuulizwa.

Wiki moja kabla ya miadi, andika kila siku mstari mmoja tu: usiku ulioamshwa na mwasho, mwaliko ulioukataa, mkono uliouficha mfukoni ili usisalimiwe. Mstari kama "Jumanne nilivaa mikono mirefu kwenye joto kali, nikakaa nyuma peke yangu" humfunulia daktari jambo ambalo macho yake hayawezi kuliona. Unaweza pia kumwomba akupime kwa dodoso la DLQI, lililotungwa Cardiff, nchini Wales, mwaka 1994, ambalo kwa maswali 10 hupima jinsi ngozi ilivyoathiri maisha yako katika wiki iliyopita. Alama ni kuanzia 0 hadi 30, na zikizidi 10 athari huhesabiwa kuwa kubwa sana.

Usilidharau suala la usingizi. Mwasho huzidi usiku, kujikuna huichubua ngozi, na ngozi iliyochubuka huwasha zaidi, hata mtu akaamka amechoka na amekata tamaa. Hamu ya kujikuna ikikujia, kunja ngumi kwa sekunde 30 hivi, kisha bonyeza mahali panapowasha badala ya kupakwaruza. Mwambie daktari waziwazi kwamba kutuliza mwasho ndiko unakokuhitaji kwanza.

Kama unatumia dawa za akili, mtajie zote, kwani lithiamu, kwa mfano, yaweza kuchochea soriasisi. Hata hivyo usiiache bila ushauri wa aliyekuandikia.

Kwa wanaokukodolea macho, jibu fupi linatosha, nalo ni la kweli kwa magonjwa yote matatu: "Hauambukizi." Huna deni la maelezo zaidi.

Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie aliye karibu nawe leo hii, akusindikize hospitali.